Wingu la Msiba

"Sema tumeshiba."

"Sisemi."

"Neno moja tu. Sema tumeshiba, usiwashe hiyo mitambo yako, wingu lishuke kwa wenyewe."

"Wenyewe walishalitoa. Mbele ya kaburi, watu wote wanasikia. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka na kanga kichwani. Mfiwa hazungumzii maji. Unalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana ulimfundisha bosi wako aombe siku ile ile."

Hapo Kundaeli akageukia kioo cha mitambo, akajifanya anasoma namba. Namba zenyewe alikuwa ameshazisoma tangu saa mbili asubuhi na hazikuwa zimebadilika.

Dada yake, Ndeonasia, alikuwa amepanda na gari la kebo la kwanza, lile linaloleta mboga za wageni. Katika maisha yake hakuwahi kufika huku juu. Alishuka kwenye tambarare iliyo kati ya Kibo na Mawenzi, mita elfu nne na zaidi, na viatu vya kanisani, na koti la mpishi lililomfika magotini. Juu ya koti alijifunga kanga ya msiba. Kila akisema maneno matano alisimama kuvuta pumzi, halafu akaendelea pale pale alipoishia. Mtu mwingine angeonewa huruma. Yeye alikuwa mgawa maji wa mfongo, mfereji wa kijijini kwao Kilaweni, mwaka wa kumi na moja sasa, mwanamke wa kwanza kushika kazi ile, na wanaume wenye mvi walikuwa wanamkwepa njiani wakiwa wameiba zamu.

Wingu lililokuwa linagombaniwa lilionekana dirishani. Lilikuwa limelala juu ya msitu, zito, jeusi chini na jeupe mgongoni. Lilikuwa la kwanza la maana tangu mwezi uanze, na wataalamu walikuwa wameshasema halina mwenzake nyuma.

Msimu wa theluji ulitakiwa ufunguliwe tarehe mosi Novemba. Leo ilikuwa tarehe ishirini na sita na mteremko wa Kibo ulikuwa wa kahawia toka juu mpaka chini, changarawe tupu, na vibendera vyekundu vya kuonyesha njia vimechomekwa kwenye vumbi kama mtu amepanda mahindi ya plastiki. Wageni themanini walikuwa hotelini. Walitoka nchi ambazo zamani zilikuwa na theluji zao, milima yao siku hizi imebaki mawe, ndiyo wakawa wanakuja kuteleza Afrika. Asubuhi walivaa mabuti yao makubwa, wakakaa barazani na chai ya tangawizi, wakatazama juu. Jioni wakayavua. Lekule, anayefundisha kuteleza, aliwatandikia zulia la plastiki nyuma ya jiko wawe wanajifunza kuanguka. Wafanyakazi wakauita mteremko Uwanja wa Vumbi. Mmoja akamuuliza Lekule kama atawagawia wageni mafagio badala ya skii. Walicheka wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka, maana wafanyakazi sitini wote walikuwa wa Kilaweni, na Meneja Mwakibete alishatangaza kwamba wasipopata theluji mpaka Ijumaa, wageni wataondoka na wao watarudi nyumbani mpaka mwaka mwingine. Kama mwaka mwingine utakuwepo.

Kundaeli ndiye aliyekuwa anaendesha milingoti. Shule aliachia kidato cha pili, siku mwalimu alipomwambia akae chini naye akaona amekaa vya kutosha. Alipanda mlimani kubeba mabomba. Akajifunza mitambo kwa kuitazama, kisha kwa kuifungua wakati wenye vyeti wamelala, mpaka ikafika mahali wenye vyeti wanamwita yeye.

Milingoti ilikuwa mitatu, mirefu kama minara ya simu. Wageni walidhani inatengeneza mawingu, na Kundaeli alichoka kuwaambia kwamba hakuna mtu anayetengeneza wingu. Inachofanya ni kuliita. Chini ya kila mlingoti kuna tanuru la umeme linalosukuma hewa ya moto juu kwa nguvu, na wingu lililolala msituni linavutwa kupanda, kama moshi unavyopanda kwenye bomba la jiko. Likifika juu, midomo midogo iliyopangwa kwenye mlingoti inalinyunyizia unga laini kuliko unga wa sembe. Kila tone la maji linashika chembe ya unga, linaganda, linadondoka theluji. Wenyewe waliita kukamua. Na wingu likishakamuliwa huku juu, kule chini hakuna kinachobaki. Mvua ya Kilaweni ni wingu hilo hilo, likiachwa lishuke lenyewe saa nane mchana kama lilivyozoea tangu enzi za mababu.

Kwa hiyo mlima ulipopewa kibali cha kukamua, vijiji vilisema sawa, ila wingu liingie kwenye zamu kama maji ya mfongo. Mfongo ni mfereji unaoteremka toka msituni ukipita shamba kwa shamba, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia. Wingu likagawiwa hivyo hivyo: Novemba la kijiji, Desemba la mlima, na kama wageni wanataka kuanza mapema, waombe. Mwaka huu Mwakibete alishawaahidi wageni Novemba, akaomba mara mbili. Ndeonasia alikataa mara mbili. Maharage yalikuwa yametoa maua na yalikuwa yanataka mvua moja tu, moja kubwa, ili yabebe.

Halafu Aminieli akafa.

*

Aminieli alikuwa mdogo wao wa mwisho, miaka ishirini na miwili, mwepesi, muoga wa ng'ombe lakini si wa kimo. Kazi yake ilikuwa kupanda milingoti kusafisha ile midomo, kwa sababu unga ukikaa unaganda kama uji. Sheria ya kazi ilikuwa wazi: hapandi mtu mpaka wingu liwe limeonekana, na wakipanda wanapanda wawili, na kamba.

Alhamisi ile hakukuwa na wingu. Ilikuwa siku ya tisa anga ni bluu kavu, toka Mawenzi mpaka baharini hakuna hata kipande cha pamba. Kundaeli alikuwa ameshazunguka chumba cha mitambo mpaka sakafu imemchoka. Yeye kungoja hakuweza. Angoje basi, angoje chakula, angoje theluji, yote yalikuwa yanamwasha ngozi. Akatoka nje, akamkuta Aminieli amejilaza juani amefunika uso na kofia, akampiga teke la kiatu, akamwambia aende akasafishe mlingoti wa tatu. Aminieli akamuuliza, wingu lenyewe liko wapi, kaka. Kundaeli akamwambia likija litukute tayari, acha uvivu, panda.

Akapanda peke yake. Upepo wa huko hauna taarifa.

Kwenye karatasi ya ajali Mwakibete aliandika kwamba kijana alikuwa kwenye maandalizi ya kupokea wingu lililokuwa linakaribia. Alimpa Kundaeli asome, akamtazama. Kundaeli akasoma, akarudisha. Ndivyo kijiji kilivyoambiwa, na ndivyo mchungaji alivyosema kaburini: amefia kazini, akilipokea wingu. Ndeonasia aliposikia maneno yale aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa kitu kidogo cha kushika.

Sasa, Kilaweni wana jambo lao. Nyumba ikifiwa, inapewa maji ya msiba. Zamu zote zinasimama. Kila jirani anaziba mlango wake wa maji kwa udongo na majani ya mgomba, na mfongo wote unaelekezwa kwa wafiwa, wapikie watu, wawanawishe mikono waliochimba kaburi. Hakuna anayeuliza mnatumia kiasi gani. Hakuna anayenyimwa, hata mwenye ugomvi. Yanaendelea hivyo mpaka wafiwa wenyewe, wote wa nyumba ile, wamwambie mgawa maji tumeshiba. Hapo ndipo milango inafunguliwa, na watu wanatawanyika. Anayemnyima mfiwa maji, siku yake ikifika atajichimbia mwenyewe.

Kundaeli alimsimulia Mwakibete habari hiyo mwaka jana, wakinywa chai, kwa majivuno kabisa. Alitaka mtu wa kuja ajue wao ni watu wa namna gani.

Mwakibete alikuja mazikoni na suti nyeusi. Udongo haujakauka juu ya kaburi, akaomba kusema. Akasema Aminieli alikuwa mtoto wa mlima pia. Akasema sisi nasi tumefiwa, na kama wafiwa wengine tunaomba maji ya msiba. Hatutaki ya mfongo, tunaomba wingu moja tu. Wazee walitazama chini muda mrefu. Walijua wanachezewa, hata mtoto alijua, lakini mtu amesimama juu ya kaburi anasema nimefiwa, utamwambiaje hapana? Mzee mmoja akasema chukueni. Ndeonasia alikuwa kwenye mkeka hatua tano tu kutoka hapo. Kazi ya kugawa maji ilikuwa yake, na siku hiyo mdomo haukuwa wake.

*

"Mwakibete amelia?" Ndeonasia aliuliza. "Amelala kwenye mkeka? Amepika? Hata kikombe kimoja hakuosha. Wafiwa ni mimi na wewe, hakuna wengine. Mama hayupo, baba hayupo. Mimi nimeshasema tumeshiba, nimesema jana asubuhi mbele ya wazee. Wamebaki wanakusubiri wewe."

Kundaeli alimwambia kuna watu sitini. Akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, na nani ana watoto wangapi, na nani ndiyo kwanza ameezeka. Wote ni wa mfongo ule ule, alisema. Hao wakirudi nyumbani Ijumaa watakula maua ya maharage? Alisema kwa ukali maana kwa ukali ndivyo alivyojua kusema, na mengi aliyosema yalikuwa ya kweli, na dada yake hakukataa.

Ndeonasia akakaa kwenye kiti cha Aminieli, hakujua ni cha nani. Akasema hao sitini anawajua, wengine amewabeba mgongoni. Lakini mwaka huu wakipewa wingu kwa njia hii, mwakani msiba ukitokea Kilaweni watu watatazamana kwanza. Mtu atakuja kuomba maji ya msiba, jirani atajiuliza, huyu anaomba kwa ajili ya nani. Wakishaanza kujiuliza hivyo, mfongo umekwisha, hata ukijaa maji.

"Wingu litakuja lingine," alisema. "Si mwaka huu, haya, mwaka mwingine. Lile neno likifa halirudi."

Kundaeli alijua dada yake yuko sahihi, na hilo halikumsaidia kitu. Kilichokuwa kinamsumbua kilikuwa kingine kabisa. Alikuwa akifumba macho anaona mlingoti wa tatu na anga la bluu nyuma yake. Wingu hili likiachwa lishuke, basi ile midomo aliyoisafisha Aminieli, ishirini na nne, kabla ya kufikia wa ishirini na tano, ingekaa mwaka mzima mikavu. Angekuwa amepandishwa kwa ajili ya hewa. Lakini theluji ikianguka, hata kidogo, mtu angeweza kusema: alipanda, na theluji ikaja. Kundaeli alijua ni hesabu ya kitoto. Aliishika hivyo hivyo, kama mtu anayezama anavyoshika jani.

Saa sita na robo Mwakibete alichungulia mlangoni. Alimwona Ndeonasia, akavua kofia, akampa pole tena. Ndeonasia akaitikia, kwa adabu zote, bila kumtazama. Mwakibete akamwuliza Kundaeli kama wako tayari, akasema wageni wameshavaa, akaondoka taratibu kama anatoka chumba cha mgonjwa.

Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa njano, mita elfu tatu. Wingu likivutwa likavuka pale, halirudishiki. Chini ya pale, ukizima matanuru linalala tena msituni kama hakuna kilichotokea.

"Kunda," dada yake akasema, kwa sauti ya zamani, ya kumwita aje kula. "Mdogo wangu. Sema tu. Mimi nitawaambia hao sitini mwenyewe, mlango kwa mlango. Wewe hawatakugusa."

Kundaeli akaweka mkono kwenye swichi. Mkono ulikaa pale. Nje mtu alikuwa anafagia changarawe, shwa, shwa, na kebo ilikuwa inalia kwenye gurudumu lake. Ndeonasia hakumshika mkono. Angeweza, alikuwa karibu. Alingoja, jinsi watu wa mfongo wanavyongoja, mikono mapajani.

Kundaeli akabonyeza.

Mlingoti wa tatu ndio ulioanza. Ule wa kwanza na wa pili ilikohoa, midomo yao imeziba, lakini wa tatu uliwaka na kutema unga wake safi toka chini mpaka karibu na juu, na ngurumo ya tanuru ikapita kwenye sakafu, ikapanda miguuni. Wingu lilitingishika. Likajinyanyua upande mmoja kama ng'ombe anavyonyanyuka, nyuma kwanza, halafu lote likaanza kupanda. Namba zikakimbia. Elfu mbili na mia tano. Mia saba. Alikuwa bado na muda wa kuzima na alijua bado ana muda. Mia tisa. Ndeonasia alikuwa ameangalia mstari wa njano pamoja naye. Hakuna aliyemwambia ni wa nini, na alikuwa ameshauelewa.

Ukavukwa.

*

Theluji ilianza kabla ya saa saba. Mwanzo ilikuwa kama majivu, chembe moja moja, watu hawakuamini. Halafu ikashuka yenyewe, nene, bila sauti. Wageni walikaa barazani, vikombe mkononi. Kisha mmoja akatoka, wakatoka wote, wanaanguka na kuinuka kama watoto. Lekule alikuwa anawafokea wapange mstari huku naye machozi yanamtoka. Wafanyakazi wa jikoni walitoka na aproni zao. Mwakibete alikuja akimtafuta Kundaeli, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia mteremko mkubwa utaitwa Aminieli, ataweka kibao, chuma, si mbao. Kundaeli akasema sawa. Hakusikia vizuri.

Alikuwa anatafuta kanga ya msiba kati ya makoti ya rangi.

Alimkuta nyuma ya chumba cha mitambo, upande wa kusini, ambako theluji ilikuwa inaishia na unaweza kuona chini. Kilaweni ilikuwa inang'aa. Anga juu yake lilikuwa jeupe kwa jua, hata kivuli cha wingu hakikuwepo, na migomba ilionekana mmoja mmoja, ya njano, na chini ya nyumba yao mfongo ulikuwa uzi mkavu unaopita katikati. Moshi ulikuwa unapanda mahali pamoja tu, nyumbani kwao, ambako watu walikuwa bado wanapika kwa maji ambayo wangetakiwa wawe wamesharudisha. Ndeonasia alikuwa anatazama huko. Theluji ilikuwa imemkaa mabegani na hakuwa anaifuta.

Kundaeli alisubiri amtukane. Alijiandaa, hata majibu alikuwa nayo. Ndeonasia akamwuliza itakaa muda gani. Akamwambia siku nne, tano kama jua litakuwa dogo. Ndeonasia akarudia, siku nne. Akasema Ami naye angefurahi kuiona, alikuwa kila akipiga simu anaiongelea, theluji, theluji, na kwamba labda ni kweli alivyosema mchungaji, kuna watu wanaenda kupokea kitu hawakifikii, wanakifikia wenzao. Akasema atajitahidi kulishika hilo. Maharage yamekufa lakini hilo atalishika, na kwa ajili ya hilo atamsamehe hata Kundaeli, si leo, lakini atamsamehe.

Hapo ndipo Kundaeli aliposhindwa. Angetukanwa angekaa kimya mpaka kaburini.

"Mimi ndiye niliyempandisha," alisema.

Ndeonasia akageuza kichwa.

"Si Mwakibete. Si kampuni. Mimi. Nilimkuta amelala juani nikampiga teke. Nilikuwa nimechoka kukaa."

Alisema yote, hovyo hovyo, bila mpangilio, kamba, upepo, karatasi aliyopewa akasoma na kurudisha. Dada yake alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika. Pumzi tu ndiyo ilikuwa inapanda na kushuka, na mvuke ukitoka mdomoni. Kundaeli alipomaliza, theluji ilikuwa bado inaanguka kati yao, na upande wa pili wageni walikuwa wanapiga makofi, mtu wa kwanza amefika chini bila kuanguka.

"Kulikuwa na wingu?" Ndeonasia aliuliza.

"Dada."

"Nimekuuliza. Siku ile. Kulikuwa na wingu?"

Kundaeli alitazama miguu yake. Akainua uso, maana hilo angalau aliweza kumpa, kumtazama usoni.

"Hakukuwa na wingu."

Ndeonasia alivua lile koti la mpishi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya theluji. Akajifunga kanga upya, kwa nguvu, kwa fundo la mtu anayekwenda kazini. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye kebo na viatu vyake vya kanisani, polepole, akisimama kila baada ya hatua tano kuvuta pumzi, na kila aliposimama Kundaeli alidhani atatazama nyuma.